Umehama distro, kompyuta imegoma: anzia pale ilipokwama

Kompyuta ya mezani hapa kwetu Uyole, Mbeya, imeshakaliwa na Ubuntu, ikaja Linux Mint, na sasa ina Debian, zote distro, yaani matoleo ya Linux yaliyofungashwa na makundi mbalimbali. Kila kuhama kulikuwa na sababu yake: mara RAM ya GB 4 imezidiwa, mara masasisho ya snap, vifurushi vya programu vya Ubuntu, yamekula bando kabla wiki haijafika nusu. Na kila kuhama kuligoma mahali. Mtu akikwama huilaumu distro mpya na kukimbilia ya tatu usiku uleule. Mara nyingi distro mpya haina kosa lolote. Kinachosumbua ni masalia ya ile ya zamani, au kitu ambacho hata si Linux: flashi, bateri, waya.

Kwa hiyo kabla ya kuandika amri yoyote, angalia imekwama hatua gani. Kompyuta hupita njia ileile kila ikiwashwa: inatafuta kifaa cha kuanzia, GRUB (programu inayouita mfumo) inajitokeza, kerneli (kiini cha Linux) inapakiwa, huduma zinaamka, unaweka neno la siri, skrini yako inafunguka, kisha ndipo mtandao na printa. Hatua iliyopita salama iache. Nimepanga dalili kwa kufuata njia hiyo.

Nakala zipo, lakini hazifunguki

Hili naliweka mwanzo kwa sababu ndilo pekee humu lisilo na dawa ukishachelewa. Nilinunua flashi Mwanjelwa, imeandikwa GB 64, na kompyuta nayo ikasoma GB 64. Nikanakili folda zote za nyumbani, kama GB 20 hivi, nikaona majina yote yamefika na ukubwa wa faili uko sawasawa. Nikafuta diski. Mint ilipokaa vizuri nikafungua picha za kipaimara cha binti yetu. Ya kwanza nzuri. Ya kumi nzuri. Kufika ya mia na kitu, juu anaonekana mchungaji na nusu ya kilemba cha bibi, chini yote kijivu. Zilizofuata hazikufunguka kabisa.

Flashi ilikuwa ya GB 8 iliyofundishwa kusema uongo. Inajitangaza GB 64 na inapokea kila unachoipa, ila kinachozidi nafasi yake halisi kinapotea. Majina hubaki kwa sababu jedwali la faili hukaa mwanzoni, sehemu ambayo kweli ipo. Sasa hivi flashi yoyote mpya naipima ikiwa tupu:

`sudo apt install f3`
`f3write /media/jina/FLASHI`
`f3read /media/jina/FLASHI`

Amri ya pili inaijaza flashi, ya tatu inasoma na kukuhesabia kilichoharibika. Inachukua saa kadhaa, kwa hiyo iache ukalale. Hata flashi ikiwa halali, ukimaliza kunakili ichomoe kwa utaratibu, ichomeke tena, ndipo ufungue faili za mwisho mwisho. Bila kuichomoa unaweza kuwa unaangalia nakala iliyobaki kwenye RAM, ukadhani iko kwenye flashi.

Flashi ya kuwekea mfumo haionekani, au kazi inakufa katikati

Kama flashi haimo kabisa kwenye menyu ya kuwashia, ile inayokuja kwa F12, F9 au Esc kutegemea mashine, basi huenda ulilitupa faili la ISO, lile lenye mfumo wa kusakinisha, ndani ya flashi kama unavyonakili wimbo. Haitoshi. ISO huandikwa juu ya flashi nzima, kwa Rufus ukiwa kwenye Windows, au kwa amri hii kwenye Linux:

`sudo dd if=debian.iso of=/dev/sdX bs=4M conv=fsync status=progress`

Herufi ya kuweka pale penye X unaipata kwa `lsblk`. Ukikosea herufi hiyo moja umefuta diski ya nyumbani, na dd haikuulizi mara mbili.

Kama inawaka vizuri kisha inakufa njiani na maneno kama `SQUASHFS error` au `Input/output error`, shuku ISO yenyewe. Bando likikatika kwenye GB 2.1 ya faili la GB 3, jina la faili linaweza kubaki lilelile usijue kitu. Endelea kupakua kwa `wget -c` badala ya kuanza upya, kisha linganisha `sha256sum debian.iso` na namba iliyochapishwa kwenye tovuti ya distro. Herufi zote 64 zifanane. Zikifanana na bado inakufa, badilisha flashi. Ukibadilisha flashi na bado, ipime RAM kwa memtest.

Umeme ukikatika wakati patisheni, yaani vipande vya diski, zinagawanywa, anza tu upya. Ukikatika baadaye, wakati apt, programu ya kupakua na kusakinisha vifurushi, inasasisha mfumo ambao tayari unawaka, huhitaji kupiga Linux upya:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt -f install`

Kwa wanaotumia bando, jihadhari na ISO ndogo ya Debian iitwayo netinst. Inavutia kwa udogo wake, lakini vilivyobaki vyote inavipakua wakati wa kusakinisha, na hapo bando likiisha unabaki na mfumo nusu. Bora ile iitwayo live, inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, ya karibu GB 3, uipakue kwa bando la usiku.

Usakinishaji umekamilika, ukiwasha inasema hakuna mfumo

`No bootable device`, au inaruka moja kwa moja kwenye Windows. Mashine nyingi za miaka hii zina njia mbili za kuwaka, UEFI na ile ya zamani ya BIOS, na flashi hiyohiyo inaweza kuonekana mara mbili kwenye menyu, moja ina neno UEFI mbele. Ukiwasha kwa njia moja wakati mfumo uliokuwepo ulikaa kwa njia nyingine, GRUB inawekwa mahali ambapo mashine haitazami. Washa tena kwa flashi, fungua terminali, andika `ls /sys/firmware/efi`. Folda ikiwepo uko UEFI. Isipokuwepo uko njia ya zamani. Chagua inayolingana na diski na usakinishe tena kwa njia hiyo.

Zipo bodi, hasa za mashine zilizotumika, ambazo hata kwenye UEFI haziangalii faili lolote isipokuwa `EFI/BOOT/BOOTX64.EFI`. Debian inalijua hilo: karibu na mwisho wa usakinishaji inauliza kama ilazimishe kuweka GRUB kwenye njia ya vifaa vya kuchomoka. Ukiwa na mashine ya namna hiyo, jibu ndiyo.

grub rescue>

Hapa ndipo watu wanapata joto hata Julai. Mwalimu mmoja wa Mbalizi alinipigia saa mbili usiku.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kompyuta imeandika grub rescue na haitaki kitu kingine. Nimeiua?"

"Hujaiua. Leo umefuta nini?"

"Nilikuwa na Linux mbili, ya zamani na hii mpya. Nimefuta patisheni ya ile ya zamani nipate nafasi."

Ndivyo inavyokuwa karibu kila mara. Kwenye njia ya zamani ya BIOS, kipande kidogo cha GRUB hukaa mwanzoni kabisa mwa diski, na sehemu yake kubwa hukaa ndani ya patisheni ya distro iliyoiweka. Ile ya zamani ndiyo iliyokuwa na GRUB. Patisheni ikifutwa, kipande kidogo kinaamka, kinatafuta mwenzake, hakimwoni. Linux mpya iko salama kabisa, imekosa tu wa kuiita.

Tukaanza kusomeana kwa simu. Andika `ls`. Akanisomea: mabano, hd sifuri, halafu hd sifuri mkato msdos tano. Sasa andika ls, acha nafasi, mabano fungua, h, d, sifuri, mkato, msdos tano, mabano funga, mkwaju, boot, mkwaju, grub. Yakaja majina ya mafaili. Basi iko hapo:

`set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub`
`set root=(hd0,msdos5)`
`insmod normal`
`normal`

Menyu ikatokea, akaingia. Lakini hayo ni ya safari moja tu, ukizima yanasahaulika. Kabla ya kuzima, ndani ya Linux yenyewe:

`sudo grub-install /dev/sda`
`sudo update-grub`

Ni sda, bila namba, na uhakikishe kwa `lsblk` kwamba sda ni diski wala si flashi iliyosahaulika nyuma ya mashine. Mwalimu alikuwa nayo moja, ina mitihani ya kidato cha pili.

Kama `insmod normal` inagoma na kusema `symbol not found`, kipande kidogo na kikubwa ni vya matoleo tofauti, hawaelewani. Hapo washa kwa flashi na uifanye kazi kutoka nje:

`sudo mount /dev/sda5 /mnt`
`for i in dev proc sys; do sudo mount --rbind /$i /mnt/$i; done`
`sudo chroot /mnt grub-install /dev/sda`
`sudo chroot /mnt update-grub`

Na kama GRUB iko salama ila Windows au distro ya pili haimo kwenye menyu, usipige chochote upya. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, kutafuta mifumo mingine kumezimwa kwa chaguo-msingi. Hakikisha kifurushi cha os-prober kipo, ongeza mstari `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false` kwenye `/etc/default/grub`, kisha `sudo update-grub`.

Inawaka, lakini inasubiri dakika moja na nusu

Maandishi yanasema `A start job is running for` kitu fulani cha `/dev/disk/by-uuid`, na saa inahesabu hadi 1min 30s. Hili huwapata walioweka distro mpya kando ya ile ya zamani, na linatokea kwenye ile ya zamani, ambayo hukuigusa! Sababu ni swap, eneo la diski linalosaidia RAM. Distro mpya iliifomati swap mnayotumia pamoja, ikaipa UUID (namba ya utambulisho) mpya, na ya zamani inaendelea kuiita kwa jina la marehemu. Linganisha `lsblk -f` na `cat /etc/fstab`, kisha weka UUID mpya kwenye mstari wa swap. Kwenye Debian, Ubuntu na Mint angalia pia `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`, nako huenda UUID ya zamani imejificha. Maliza kwa `sudo update-initramfs -u`.

Neno la siri ni sahihi, skrini inapepesa, inarudi palepale

Ukikosea neno la siri inakuambia umekosea. Hii haisemi kitu, inakurudisha tu mlangoni. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi matupu, uanze na `df -h`. Diski ikiwa imejaa asilimia 100, hakuna skrini itakayofunguka mpaka ufute kitu.

Diski ikiwa na nafasi, tazama mwenye mali. Linux haimjui mtu kwa jina, inamjua kwa namba. Hapa kwetu, kwenye Mint, mimi nilikuwa 1000, mama watoto 1001, kijana 1002. Nilipohamia Debian niliiacha patisheni ya `/home` kama ilivyo, jambo zuri, nikaandikisha akaunti upya. Ila nilianza na kijana, kwa sababu ndiye aliyekuwa amekaa pembeni yangu akisubiri. Akawa 1001. Jioni mama anaingia, skrini inapepesa, inamrudisha. Mfumo ulikuwa unamwambia, kwa ukimya wake, kwamba folda ya `/home/mama` ni mali ya kijana. Utaona wazi ukiandika:

`ls -ln /home`
`id mama`

Namba zisipofanana, warudishie kila mtu chake:

`sudo chown -R mama:mama /home/mama`
`sudo chown -R kijana:kijana /home/kijana`

Mwenye kuhama Ubuntu kwenda Fedora ana la ziada: SELinux huweka lebo kwenye kila faili, na faili zilizotoka Ubuntu hazina lebo hizo. `sudo restorecon -R /home` inazibandika.

Namba zikifanana na bado inarudisha, tatizo ni mipangilio ya skrini ya zamani ambayo mpya haielewi, hasa ukitoka toleo jipya kwenda la zamani. Usiifute, iweke kando: `mv ~/.config ~/.config-zamani`. Ukifaulu kuingia, rudisha folda mojamoja. Kama mtu aliwahi kufungua programu za skrini kwa sudo, futa pia `~/.Xauthority`, huenda imekuwa mali ya root, msimamizi wa mfumo.

Vitu vidogo vinavyotisha bure

Alamisho na maneno ya siri ya Firefox yametoweka: tangu Ubuntu 22.04, Firefox huja kama snap na huweka wasifu wake ndani ya `~/snap/firefox/common/.mozilla/firefox`. Mint na Debian hutazama `~/.mozilla/firefox`. Hakuna kilichopotea. Funga Firefox, nakili folda ya wasifu, kisha ichague kwenye `about:profiles`. Debian hutumia Firefox ESR, ambayo ni ya nyuma kidogo, kwa hiyo inaweza kuukataa wasifu uliotoka toleo jipya zaidi. Hapo hamisha alamisho peke yake, kwa faili la HTML ulilolitoa kabla ya kuhama.

Debian inasema `is not in the sudoers file`: wakati wa kusakinisha uliweka neno la siri la root, kwa hiyo haikukupa sudo, ruhusa ya kutumia amri za msimamizi. Andika `su -`, usisahau kistari, kisha `usermod -aG sudo jina`, utoke na kuingia upya.

Wi-Fi haipo kabisa

Ujanja wa kwanza hauhusu Wi-Fi. Chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Linux huiona kama mtandao wa waya, bila driva yoyote, na hapo una njia ya kupakua kinachokosekana. Ila zuia masasisho ya jumla, la sivyo bando linakwenda na maji.

Kisha ujue kadi ni ya nani kwa `lspci -nn | grep -i net`, na kama inalalamikia fimwea, programu ndogo inayoendesha kadi, kwa `sudo dmesg | grep -i firmware`. Kabla ya Debian 12 ya Juni 2023, usakinishaji rasmi wa Debian haukuja na fimwea zisizo huria, ndiyo maana maelekezo ya zamani yanatisha sana. Siku hizi kadi nyingi zinapona zenyewe. Broadcom ndizo sugu. Nyingi zinataka kifurushi cha `broadcom-sta-dkms`, na kwa hicho lazima uongeze `contrib` na `non-free` kwenye vyanzo vya apt. Kama umekiweka na bado kimya, huenda Secure Boot, ulinzi wa UEFI, inakikataa kwa kuwa hakina sahihi. Zima Secure Boot kwenye mipangilio ya UEFI, au usajili ufunguo inapokuuliza baada ya kuwasha upya.

Usidharau `rfkill list`. Niliwahi kupoteza saa nzima na laptopu ambayo swichi yake ya pembeni ilikuwa imezimwa tu.

Mtandao upo, apt inagoma, na tovuti zote si salama

`Release file is not valid yet`. Tazama saa. Mashine zilizotumika huja na bateri ya ubao iliyokwisha, CR2032, ile bapa kama shilingi, na kila ikichomolewa ukutani tarehe inarudi nyuma miezi au miaka. Vyeti vya tovuti vinaonekana bado havijaanza kutumika, na apt inaona faili zinatoka siku za mbele. Weka tarehe kwa `sudo date -s` kisha `sudo hwclock -w`, na kesho ununue bateri. Mafundi wa saa wanazo.

Saa ikipishana saa 3 kamili kila ukitoka Windows kuja Linux, bateri ni nzima. Windows huuwekea ubao saa za hapa, Linux huuwekea UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu saa 3. `timedatectl set-local-rtc 1` inawapatanisha. Ikipishana saa 6, hakuna kilichoharibika, umesoma saa ya Kizungu.

Printa inapokea kazi, karatasi haitoki

HP LaserJet ndogo kama P1102 zinahitaji kipande kisicho huria ambacho hakiji na distro. Weka `hplip`, kisha `hp-plugin`, ukiwa na intaneti.

Mwalimu wa Mbalizi alinipigia tena wiki iliyofuata. Mtihani wake wa kurasa nne ulikuwa umekuwa wa kurasa tano, na swali la mwisho limebaki peke yake. Alikuwa ameuandika kwa Calibri, ambayo Linux haina, na iliyochukua nafasi yake ilikuwa na herufi pana zaidi. Nilimwandikia kwa meseji:

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea fonts-liberation`

Carlito ina upana uleule wa Calibri, Caladea wa Cambria, na Liberation wa Times New Roman na Arial. Akafunga LibreOffice, akafungua tena. Kurasa nne.